Herufi za Chawa

Kindu, 9 Septemba 2001

Yaya Odette,

Dada yangu, usiyalaumu macho yako. Ni mimi niliyeandika herufi za chawa, tena kwa kusudi. Karatasi hii ni mgongo wa fomu ya stesheni, maana nyingine hakuna mjini, na treni yenyewe hatujaiona tangu wakubwa wapya waishike Kindu. Kila asubuhi saa moja na nusu nafungua daftari la treni, naandika tarehe, naandika "hakuna", nafunga. Huu ni mwaka wa tatu.

Ninyi wa Lubumbashi mko upande wa serikali, sisi tuko upande mwingine. Mtu akikamatwa na barua ya kwenda kwenu anaitwa mpelelezi, na akishaitwa hivyo hakuna wa kumtetea. Kwa hiyo mke wangu Mauwa ameifumua kola ya blauzi ya Mama Bernadette, ataishona barua humo ndani. Mama Bernadette atazungukia Tanzania na Zambia na vitenge vyake, na Mungu akimsaidia utaisoma kabla ya Noeli. Mauwa anasema kinachokaa kwenye mshono wa nguo ni chawa, basi na herufi zake ziwe za chawa. Amelicheka sana neno lake mwenyewe. Nami nilicheka, ingawa siku hizi kicheko ni adimu kuliko chumvi.

Sisi wazima. Binti yetu Gisèle amepona malaria. Tunakula sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Tumechoka tu, Yaya, tumechoka mpaka kwenye mifupa.

Tupatane hivi: ukiona herufi za chawa, ujue mambo ni mabaya. Siku utakayoona herufi kubwa, ujue vita vimekwisha, hata kama sijasema.

Mdogo wako,
Félicien Ngeleka


Kindu, 18 Julai 2004

YAYA!

Zitazame! Treni imeingia jana saa kumi alasiri. Nimeandika kwenye daftari: "Imechelewa miaka sita." Shefu wa stesheni amecheka mpaka akakaa chini. Mauwa anasema nami nilicheka meno yote nje, mbele ya watu, kama bwana harusi.

Félicien


Kindu, 12 Februari 2023

Yaya Odette,

Salamu kutoka kwa mstaafu kwenda kwa mstaafu. Najua simu kwako ni kipande cha sabuni tangu masikio yako yalipokufa, na mimi vidole vyangu siku hizi vinabonyeza herufi mbili kwa mpigo, basi tuendelee na mikono ya Blanchard na ndege yake ya mizigo. Zile picha za barua nilizokuwa nakutumia kwenye simu nimeziacha. Karatasi ni karatasi.

Habari si nyingi. Bega la kulia linaniuma tangu mwaka juzi, nadhani ni deni la mizigo niliyobeba ujanani. Kanisani wamenipokonya kusoma Neno. Nilikuwa nasoma vizuri kabisa, mara mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: «Papa Félicien, pandisha sauti, hatusikie kitu!» Watu wakacheka. Padri akasema nipumzike. Miaka kumi na tisa nimesoma Neno, leo napumzishwa kama kichwa kibovu cha treni.

Nyumbani Mauwa amenuna. Alipofiwa na mama yake Novemba tulikwenda matanga kijijini kwao, Tunda, na tangu turudi hanisemeshi ila kwa kazi. Na chakula chake kimeharibika. Zamani ukinusa mawese yake toka barabarani unatembea haraka. Sasa ni kama kula pamba. Sijamwambia kwa ubaya, nilimwambia tu, naye akaondoa sahani.

Nachoka, Yaya. Kuvaa shati peke yake ni safari.

Mdogo wako,
Félicien


Lubumbashi, 5 Machi 2023

Félicien mdogo wangu,

Nani anakutisha?

Nimekaa na barua yako chini ya dirisha asubuhi nzima. Mstari wa kwanza nimeusoma kama kawaida. Wa tano nimeutafutia miwani. Nilipofika kwenye sahani ya Mauwa nilikuwa nimeazima kioo cha kukuzia cha jirani, na sahihi yako sikuiona, nimeikisia. Herufi za chawa, Félicien! Sijasahau tulivyopatana. Na hapa tunasikia habari za Goma kila siku. Vita vimefika Kindu? Wamekuja nyumbani? Kama huwezi kuandika wazi, andika tu kwamba mbuzi amekufa, nitaelewa.

Zile picha za simu nilikuwa nazitanua kwa vidole viwili, kila herufi inakuwa kubwa kama kikombe. Kwa hiyo hata sijui ulianza lini kujificha.

Kama shida ni karatasi tu, Blanchard anakuletea daftari, kaye yenye mistari mipana na biki nne. Mimi niliyelala macho miaka ile nikingoja kola za Mama Bernadette, usinirudishe huko. Sina nguvu tena.

Yaya wako,
Odette Beya


Kindu, 2 Aprili 2023

Yaya,

Kindu imetulia. Hakuna mbuzi aliyekufa, wala mbuzi hatuna. Herufi zangu ni zilezile nilizofundishwa na masista na kulipwa kwazo stesheni miaka thelathini. Masikio yalianza, sasa ni zamu ya macho. Nenda ukapimwe.

Kaye nimeipokea, asante. Ni ya watoto wa darasa la kwanza. Nimeiweka juu ya kabati.

Félicien

Wifi, mimi Mauwa, nimeipata bahasha kabla haijafungwa. Macho yako hayana kosa. Nitakuandikia peke yangu.


Kindu, 14 Mei 2023

Wifi yangu Odette,

Naandikia hapa kwa jirani Aïcha, ili ndugu yako asinione. Ulimuuliza nani anamtisha. Hakuna. Yeye ndiye anayetutisha sisi.

Amebadilika sura. Kuzeeka nakujua, mimi pia nazeeka, na huku si kuzeeka. Uso umefungwa. Namtania, hacheki. Namtukana, hakasiriki. Ananikodolea macho bila kupepesa, kama anaangalia ukuta. Juzi nilimuuliza: «Uko na nini na miye?» Akasema: «Sina na kitu.» Kwa sauti ya chini, ya mtu anayeficha. Nikamwambia: «Basi ucheke.» Akasema: «Niko nacheka.» Wifi, alikuwa hacheki!

Mama yangu alipokufa, ndugu yako alikaa kwenye kiti pale Tunda siku tatu, bila chozi, bila sauti. Kwetu mkwe ndiye anayelia mbele ya wote, watu wamsikie. Kaka zangu walinivuta pembeni: «Bwana yako iko natuzarau?» Nilisema anaumwa kichwa. Nilimdanganyia mbele ya maiti ya mama yangu.

Chakula changu hakina ladha, anasema. Juzi sombe iliungua hadi majirani wakaja na maji, naye amekaa mlangoni pa jikoni hajasikia harufu. Usingizini anapiga mateke na kupiga kelele, «Shuka! Shuka!», asubuhi hakumbuki. Kwaresima alinipiga kiwiko nikavimba jicho. Nilimwambia nimejigonga mlango. Kanisani watu waliliangalia jicho langu, kisha wakamwangalia yeye. Mwanamume ambaye hajawahi kuniinulia mkono tangu anioe!

Na huo mkono wa kulia anauficha mfukoni. Nikasema, ana simu ya mwanamke wa mtaa wa Kasuku humo. Nikamvizia. Mkono ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kinasugua kile cha pili, kinasugua, kinasugua, kama mtu anayeviringisha tonge la bugali, na bugali hakuna. Akiinua kikombe, kinaacha. Akitulia, kinaanza tena. Aliponiona akaukamata kwa mkono wa kushoto kama anakamata mwizi. Kandambili ya kulia imelika mbele, ya kushoto nzima. Wengine wananiambia kapewa sumu. Wengine wanasema ni vita vimemrudia kichwani. Mimi nasema amenichoka na hana ujasiri wa kuniambia.

Nilishona barua zenu kwenye kola huku askari wanapita dirishani. Nilivumilia vita naye. Kuangaliwa hivi siwezi. Nimefunga mizigo. Tarehe kumi na saba Juni narudi Tunda, kwenye nyumba ya mama. Kama una neno, liniwahi.

Wifi yako,
Mauwa


Lubumbashi, 3 Juni 2023

Mama Gisèle,

Usiondoke. Hilo ndilo la kwanza, mengine yanafuata.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilisoma kama wifi, nikamkasirikia ndugu yangu. Mara ya pili nilisoma kama muuguzi, nikaona aibu. Miaka thelathini na moja nimevaa nguo nyeupe, na ugonjwa umenijia ndani ya bahasha nikauita vita.

Nimezibeba barua zake zote mpaka kwa Dokta Edouard, anayetibu magonjwa ya ubongo na neva. Nilifanya naye kazi, alikuwa kijana mwenye haraka, sasa ana mvi na ametulia. Akaweka ile ya kola, ya mwaka 2001, kando ya ile ya Februari. Akaniambia: «Angalia, Mama Odette. Hii ya zamani, herufi ni ndogo toka mwanzo hadi mwisho, zote sawa. Hapa mwenye mkono ndiye aliamua. Hii ya sasa inaanza vizuri, halafu inapungua, inapungua, mpaka inazama. Hapa mkono njo umeamua.» Na mwenyewe mara nyingi haoni. Kwake yeye herufi ni zilezile. Ndiyo maana alinituma nikapime macho, na mimi nikamtukana kimoyomoyo.

Kisha nikamsomea barua yako, Mauwa. Nisamehe, nimesoma mambo ya chumba chenu mbele ya mwanamume. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mstari. Pua isiyosikia harufu, na ladha ya chakula inaondoka nayo. Mateke ya usingizini. Hayo mawili yanaweza kutangulia miaka mingi kabla ya mengine. Sauti inayoshuka. Bega linalouma, mguu unaoburuta, vifungo vya shati vinavyomshinda, vyote upande mmoja. Tonge la bugali lisilokuwepo. Na uso. Misuli ya uso inakuwa mizito, haifuati tena moyo. Mtu anacheka ndani, nje hakuna kinachotoka. Analia ndani, watu wanaona jiwe.

Unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Mimi niliufahamu kwa wazee wanaotetemeka mpaka kikombe kinamwagika, na nilikuwa nangoja niambiwe Félicien anatetemeka hivyo. Dokta anasema wengi wanaanza bila kutetemeka, au kwa kidole kimoja tu. Hakusema ndiyo, mtu hapimwi kwa karatasi. Anataka kumwona, atembee mbele yake, agonge kidole juu ya kidole, akae, ainuke. Mlete Lubumbashi. Hauponi, sitakudanganya. Lakini kuna vidonge vinavyolegeza mwili, na watu wanaishi nao miaka mingi wakila, wakitembea, wakigombana na wake zao.

Si sumu. Si mwanamke wa Kasuku. Hajakuchoka. Uso wake umegoma, moyo wake haujagoma. Ukitaka kitu cha kuanzia, mfumbe macho, mpe anuse kahawa, kisha mafuta ya taa. Utajua.

Nimemsihi Blanchard akupe mkononi.

Wifi yako mjinga,
Odette


Kindu, 25 Juni 2023

Yaya,

Naandika ndani ya kaye yako ya darasa la kwanza. Dokta wako kasema herufi zinazama, basi nimeweka kidole cha kushoto kwenye mstari wa juu na kila herufi naipandisha mpaka iguse. Mstari mmoja, napumzika. Hii ni siku ya pili ya barua hii.

Barua yako kwa Mauwa nimeifungua mimi. Ndege ya Blanchard ilikaa chini wiki mbili ikingoja kipuri. Mauwa aliondoka tarehe 17 alfajiri, barua imefika tarehe 24. Maisha yangu yote ni vitu vinavyochelewa.

Mkono nilijua, Yaya. Miaka miwili nilijua. Nilidhani wakiuona watasema ninakunywa, au nimerogwa, ndipo nikauweka mfukoni. Uso sikujua. Jana nilisimama mbele ya kioo nikafikiria ile siku ya treni, shefu amekaa chini anacheka, nami nikacheka. Nilicheka kweli, nilisikia kicheko tumboni. Kwenye kioo kulikuwa na mzee anayenitazama. Nikaelewa kile ambacho mke wangu amekaa nacho mezani.

Tunda nililia siku tatu. Mama mkwe alinipenda, alinihifadhia wali wa kwanza kila mavuno. Nililia ndani mpaka kifua kikauma, na nilidhani watu wananiona. Na lile jicho! Mlango, aliniambia. Nikaufanyia kazi mlango, nikaupiga randa ule upande ili usimuumize tena. Alinitazama napiga randa mpaka mwisho.

Kahawa nimeinusa, hakuna. Mafuta ya taa nimeinua chupa mpaka puani, hakuna. Chakula chake hakikuharibika. Nilimwambia mke wangu anapika pamba.

Nilimpigia simu. Akasema: «Njo nani? Ongea!» Nikaongea. Akasema: «Ongea!» Mara tatu, kisha akakata. Sauti yangu haitoki Kindu. Kumfuata siwezi, ukishuka treni Kibombo, hadi Tunda ni pikipiki, na mguu hauruki tena juu ya kiti. Lubumbashi nitakuja, nakuahidi. Lakini sitapanda ndege kabla hajajua. Akibaki Tunda akiamini nilimchoka, hivyo vidonge vitanilegeza nikafanye nini?

Barua yako namtumia. Ninaongeza yangu.

Mdogo wako,
Félicien


Kindu, 28 Juni 2023

MAUWA,

TAZAMA HERUFI.

SINA VITA NA WEWE.

USO NI MGONJWA.

NDANI NACHEKA.

MAMA NILIMLILIA.

RUDI.

FÉLICIEN


Kindu, 16 Julai 2023

Wifi Odette,

Nimerudi. Nimepika sombe, naandika huku ikichemka, na safari hii mnusaji ni mimi.

Bahasha ilifika Tunda kwa mkono wa Alain, mwenye pikipiki, anayenunua mpunga huko. Ilikuwa nene. Nikasema, basi, ni karatasi za baraza, ananiacha kwa mihuri kama mtu wa serikali. Niliiweka chini ya sufuria siku nzima, sikuwa na nguvu ya kuifungua. Jioni kaka yangu mkubwa akaifungua yeye. Mstari mmoja, ukurasa mmoja. Herufi kubwa kama za mtoto, zimepinda, nyingine amezirudia mara mbili kwa biki mpaka karatasi ikatoboka. Kaka alifika kwenye ule wa MAMA, akanipa, akatoka nje. Barua yako, iliyokuwa humo humo, niliwasomea wote kesho yake, maana wote walidhani aliwadharau. Walinitafutia kuku wa kumpelekea mkwe.

Nimefika Kindu Jumanne. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, mkono juu ya goti, si mfukoni. Aliniona. Uso haukusogea hata kidogo, Wifi. Kama nisingekuwa na barua yako, ningegeuka pale pale na kuku wangu. Miguu yenyewe ilitaka kugeuka.

Nikaweka mzigo chini. Nikamuuliza: «Baba Gisèle, uko nafurahi?»

Alisema kitu, sikusikia. Nikasogea mpaka sikio langu likawa mdomoni kwake.

«Sana,» alisema. «Sana, Mauwa. Uso njo haitaki.»

Nililia mimi, kwa sauti, kwa ajili yetu sote wawili. Aïcha alikuja mbio akidhani ni msiba.

Tutakuja na Blanchard wiki ya pili ya Agosti. Mwambie dokta atungoje. Shati lake la safari nimelipanua matundu ya vifungo, sasa analivaa mwenyewe, polepole, nami najikaza nisimsaidie. Ninalala kwenye mkeka bado, sababu ya viwiko, lakini mkeka nimeurudisha chumbani. Nimechoka, sitakuficha, na najua hatujaanza. Yeye pia amechoka. Tumechoka pamoja, hiyo afadhali.

Na nimepata kazi mpya. Nikimtania, namuuliza: umecheka? Ananijibu: nimecheka. Asubuhi namuuliza, jioni namuuliza, anajibu kila mara. Namwamini.

Wifi yako,
Mauwa